Karo ya masomo ya mtandaoni: itisha mchanganuo

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, baadhi ya shule za kibinafsi zilifundisha kwa mtandao na kudai karibu karo yote. Wazazi wa shule moja ya kimataifa jijini Nairobi walifika hadi Mahakama Kuu.

Shule nayo ina hoja: mshahara wa mwalimu haupungui kwa kuwa anafundishia sebuleni kwake. Lakini basi halikutembea, chakula cha mchana hakikupikwa, na bando kanunua mzazi. Hapo ndipo pa kuanzia. Mzazi aitishe mchanganuo wa karo, ajiunge na wenzake wa darasa hilo, na punguzo likikubaliwa liandikwe. Ya simu husahaulika muhula ukianza. Aliyepoteza kazi aombe kulipa kwa awamu mapema, kabla deni halijarundikana.