Leakey Yuko Mwezini. Kamoya Je?

Wasee, mnajua kuna Mkenya mwenye shimo lake mwezini? Linaitwa Leakey, kwa heshima ya Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, aliyezaliwa Kabete 1903 na kufariki 1972. Ni kasoko ndogo, upana kama kilomita 12. Hapa kwetu ni kutoka Kakamega mjini mpaka upite Khayega kidogo. Kwa macho tu huioni, lazima darubini.

Sina shida na Leakey. Alishikilia kwamba binadamu alitokea Afrika wakati wasomi wengi walikuwa wanaangalia Asia. Jina lake alilitolea jasho. Ninachouliza ni kuhusu wale waliochimba naye.

Fuvu la Zinj, Olduvai 1959, liliokotwa na mkewe, Mary. Heselon Mukiri alichimba na Leakey miaka na mikaka. Halafu kuna Kamoya Kimeu: alichunga mbuzi, akasoma shule ya msingi tu, akaanza kuchimba Olduvai 1960. Mwaka 1984, Nariokotome, Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya mawe. Hicho ndicho kilituletea Turkana Boy, mifupa ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima.

Ni kweli, sokwe wawili wa kale, Ekembo heseloni na Kamoyapithecus, wamepewa majina ya Heselon na Kamoya. Poa. Lakini mwezini hawapo.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ambao ndio hupitisha majina haya, unataka mtu awe amefariki angalau miaka 3. Kamoya alituacha Julai 2022. Kwa hivyo tangu Julai 2025 hicho si kizuizi tena.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini hakuwa na digrii." Mimi niliacha chuo, na hilo swali nalijua sana. Hapa Kenya mtu anaweza kufanya kazi yote, halafu jina likaenda kwa mwenye cheti. Kanuni inaangalia mchango wa mtu, na wa Kamoya uko pale makumbusho Nairobi, unaweza kwenda kuuona.

Makumbusho ya Kitaifa, mwajiri wake, wakishirikiana na vyuo vyetu, MMUST hapa ikiwemo, waandike pendekezo. Mwezini kuna mashimo maelfu yasiyo na jina. Tunaomba moja tu, hata likiwa dogo kuliko la Leakey.