Mbabula haina kengele

Chini mgodini kifaa cha kupima gazi kikilia, bamoja banakasirika: «Inadanganya tena!» Kweli, saa ingine inalia bure, juu ya gazi ya betri zenye kuchajiwa pembeni. Lakini tunatoka kwanza, hewa inapimwa, kisha tunarudia kazi.

Sasa nyumbani? Mwezi wa 7 baridi ya Lubumbashi inakamata, umeme umekatika, tunaingiza mbabula mu chumba ya watoto, dirisha imefungwa. Ati makala imeshawaka muzuri, haina moshi tena. Pale njo hatari! Monoksidi ya kaboni haionekane, hainuke. Kichwa kinauma, mutu anasinzia, haamuke.

Ba papa na ba mama, mbabula ilale inje, watoto baongezewe blanketi. Na kama vichwa vya watu wawili vinauma pamoja, fungueni mulango, mutoke wote.