Maarifa ya Mwani ni ya Nani?

Tunaambiwa kwamba elimu hutoka chuo kikuu na kumshukia mkulima. Tunakataa. Mbegu ya mwani wa biashara iliingia Unguja mwaka 1989 kutoka Ufilipino, na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwisha kuutafiti mwani wetu kabla ya hapo, hilo twalikiri. Lakini akina mama wa Paje na Jambiani ndio waliosoma tabia zake, bamvua baada ya bamvua. Waliona mwani mnene ukioza maji yalipozidi joto, wakashika mwembamba, wenye bei ndogo, maana mchele wa nyumbani hununuliwa. Watafiti wengi huwahoji, huandika Kiingereza, huondoka. Ndiko kueneza maarifa huko? Twadai taarifa irudi Paje kwa Kiswahili, isomwe mbele ya waliohojiwa, nao waisahihishe.