MGENI ATAJE JINA LAKE KWANZA

Mvuvi akitoka Kilwa kuja kupiga dago katika delta ya Rufiji, hatandiki jamvi lake kabla ya kuulizwa. Jina lako nani? Watoka kijiji gani? Nani akujua hapa? Hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaeleza habari zake, ndipo huonyeshwa pa kufunga chombo. Huyo ni ndugu yetu, lugha yetu ni moja, na mali yake yote ni mtumbwi na nyavu. Hata hivyo huulizwa, naye hakasiriki, kwa maana ajua kuwa hiyo ndiyo desturi.

Lakini akija mtu wa mbali mwenye mkoba wa ngozi, akashuka garini pale Kibiti na kusema anatafuta ardhi ya mradi, desturi hiyo husahauliwa. Yeye huulizwa swali moja tu: umeleta milioni ngapi? Viti huletwa, nazi huanguliwa, na mkutano huitishwa kumpigia makofi. Twasema wazi kwamba tabia hiyo ni mbaya. Ilikwisha tugharimu nchi nzima.

Neno hilo si la kutia chumvi. Tarehe 4 Novemba 1884 walifika Unguja Wajerumani wachache ambao katika meli walikuwa wamejiandikisha kwa majina ya uongo, wakijifanya mafundi wa mitambo. Mkubwa wao alikuwa Karl Peters, kijana wa miaka 28, aliyekuwa ameunda chama cha kutafuta makoloni. Serikali yake mwenyewe ilimwarifu kwamba asitegemee ulinzi wake. Basi mtu huyo, asiye na jina la kweli wala kibali cha serikali yake, akavuka bara, akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na katika wiki chache akarudi pwani na rundo la mikataba. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari akatia sahihi hati ya kuilinda kampuni ya Peters katika nchi hizo. Seyyid Barghash alipopinga, zililetwa manowari mbele ya Unguja mwezi wa Agosti mwaka huo huo, naye akalazimika kunyamaza.

Mashuleni watoto wetu hufundishwa habari za Mangungo wa Msovero, aliyewekeana mkataba na Peters huko Usagara. Hata leo mkataba mbaya ukitiwa sahihi, watu huuita mkataba wa Mangungo, na wote hucheka. Sisi twaona yafaa kicheko hicho kikome. Mangungo aliletewa karatasi ya lugha asiyoijua, na mtu aliyekuwa ameanza kudanganya tangu ndani ya meli. Angemwuliza nani habari za mgeni huyo? Hapakuwa na balozi wa kupelekewa barua wala daftari la makampuni la kufunuliwa. Sisi leo tunavyo vyote hivyo. Ikiwa bado twadanganywa kwa namna ile ile, ni nani hasa wa kuchekwa?

Watu wa Rufiji waijua bei ya udanganyifu ule. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza tu huko Umatumbi. Kutoka jina la uongo melini mpaka kitanzi cha Mohoro ni miaka 21 isiyotimia.

Je, Peters hakuchunguzwa? Alichunguzwa. Baada ya kuwanyonga Waafrika huko Kilimanjaro, habari zake zilifika Bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 akafukuzwa katika utumishi wa serikali. Lakini mikataba yake haikufutwa, na ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Hilo ndilo twataka kila mwananchi alishike: uchunguzi unaokuja baada ya sahihi humwadhibu mtu pengine, lakini mali huwa imekwisha kwenda.

Sasa tuje karibu. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilitaka sehemu ya delta yetu, hekta karibu 10,000, ichimbe mabwawa ya kufugia kamba. Delta yenyewe ina msitu wa mikoko unaozidi hekta 50,000, na hakuna mwingine mkubwa kama huo katika Afrika Mashariki yote. Humo ndimo kamba wachanga hukulia, na humo ndimo wapatapo riziki wavuvi, wakulima wa mpunga na wakata nguzo. Wataalamu wa Baraza la Mazingira waliuchunguza mradi wakashauri usikubaliwe. Mwaka 1997 Serikali ikaukubali. Hapo wananchi wa delta, ambao wengi wao hawakupata kukanyaga mahakama ya wilaya, walikwenda Mahakama Kuu. Mabwawa hayo hayakuchimbwa, na mikoko ingalipo.

Hatusemi kwamba wenye kampuni ile walitumia majina ya uongo. Twasema kwamba wananchi walikuwa na haki ya kuwajua kabla ya wakubwa kukubali: ni nani hasa, fedha yao yatoka wapi, wamekwisha fanya kazi kama hiyo wapi, na huko walikotoka wenyeji wanawasemaje. Maswali hayo si ya kumkomoa mtu. Ni yale yale anayoulizwa mvuvi wa dago.

Wengine watasema mambo hayo ni ya zamani. Basi tuseme habari za Richmond. Mwezi wa Juni 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame, TANESCO iliwekeana mkataba na kampuni hiyo ya umeme, iliyojitambulisha kuwa ya Marekani, izalishe megawati 100. Mwezi wa Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilieleza kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wala sifa ilizojidai nazo. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Kampuni inaweza kuvaa jina la uongo kama avaavyo mtu, na kuichunguza kampuni ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu haina uso.

Mtu ye yote asituelewe vibaya. Hatuna chuki na mgeni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi twataka viwanda, barafu ya samaki na bei nzuri ya korosho. Tena rangi ya mtu si hati yake. Mwizi aweza kutoka Ulaya, Asia, au Dar es Salaam. Mfanyabiashara mwaminifu hachukii kuulizwa, kwa sababu majibu anayo.

Twataka basi mambo matatu. Kwanza, kabla ya mkataba wo wote wa ardhi, msitu au bahari, balozi zetu ziulize katika nchi anayotoka mgeni kama jina lake na kampuni yake ni vya kweli. Pili, majina ya wamiliki halisi wa kampuni, ambayo sheria tangu mwaka 2020 yataka yapelekwe kwa Msajili, yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na ramani na idadi ya hekta. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano huo sauti. Mwenyekiti asiitie sauti hiyo mfukoni mwake. Sasa kuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na watakaokuja kuihesabia mikoko yetu fedha waulizwe vivyo hivyo.

Tatu, na hili ndilo gumu, tumwulize mwenyeji wake. Mgeni mdanganyifu hafiki Nyamisati peke yake. Huletwa na mtu wetu amjuaye diwani na ajuaye mlango wa ofisi, na mara nyingine mtu huyo huvaa shati la chama. Peters naye alikuwa na wakalimani. Mwanachama anayemdhamini mgeni asiyemjua, kwa ajili ya bahasha, hana haki ya kutuita ndugu. Atajwe mkutanoni na avuliwe uongozi, hata akiwa mkubwa wa namna gani.

Ndugu wananchi wa Kibiti na Rufiji, mkiitwa mkutanoni msione haya kuuliza. Anayekuja kuomba ardhi ya watu ataje jina lake kwanza, nanyi mpate nafasi ya kulihakikisha kabla hamjatia dole gumba.

Uhuru na Kazi!