Mtoto asiyelala mpakani anahitaji muuguzi, si chupa ya sirapu

Saa tisa usiku, upande wa Busia ya Uganda, mchuuzi wa dagaa huwa ameshaamka. Magunia yafungwe, bodaboda aitwe, lango liwahiwe kabla wanunuzi wa jumla wa upande wa Kenya hawajajaza mizigo yao. Mgongoni ana mtoto wa miezi minane aliyelia tangu saa nne, akanyonya, akalala dakika ishirini, akaamka tena. Mama huyo ndiye atakayebadilisha shilingi za nchi moja kwa shilingi za nchi nyingine kwa hesabu ya kichwa, na wabadilishaji fedha wa barabarani humtambua mtu aliyechoka kwa kumtazama tu.

Dawa ya tatizo lake inajulikana soko zima. Jirani wa kibanda atamwambia: "Mpe kijiko cha Piriton, atalala." Ushauri huo unasikika Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo, na ubaya wake ni kwamba unaonekana kufanya kazi. Mtoto analala. Mama analala. Wiki ya pili kijiko kimoja hakitoshi.

Dawa hiyo ni ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume: mtoto anahangaika zaidi. Dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, promethazini, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kuua. Mama anayenunua chupa dirishani, bila mtu kuuliza umri wala uzito wa mtoto, hana namna ya kujua amepewa ipi. Halafu kuna chupa zinazovuka mpaka kwenye mifuko bila kukaguliwa na yeyote. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na sirapu za kikohozi zilizokutwa na kemikali zenye sumu zikahusishwa na vifo hivyo. Kwa watu wanaoishi kwa kuvusha bidhaa, habari ile haikupaswa kuwa ya mbali.

Mama huyu anahitaji mtu wa kumuuliza maswali, na mtu huyo ni muuguzi wa kliniki ya watoto au afisa tabibu. Katika miji mikubwa wapo wanaojiita washauri wa usingizi wa watoto na kutoza ada. Hao wanaweza kusubiri. Muuguzi ataanza na jambo ambalo wauza sirapu hawalisemi: kuamka usiku kwa mtoto mchanga ni kawaida, na katika miezi ya kwanza hajui tofauti ya usiku na mchana. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa mtoto wa soko hapo ndipo penye jibu mara nyingi. Anayelala mgongoni kuanzia lango linapofunguliwa hadi saa tisa alasiri, kitenge kimemfunika uso, ameshamaliza sehemu kubwa ya usingizi wake mama anapofika nyumbani. Akiamshwa mchana, akaona mwanga, akachezeshwa, na jioni akaogeshwa na kulazwa saa ileile kila siku, usiku huanza kubadilika. Bibi zetu walijua nusu ya somo hili kwa maji ya uvuguvugu na bembelezi.

Lakini muuguzi ataangalia pia yale ambayo bibi hana kipimo chake. Sikio linalouma, homa ya malaria, upungufu wa damu, kikohozi cha pumu kinachozidi usiku. Seli mundu, ambayo ukanda wa Ziwa Victoria unaijua vizuri, humliza mtoto kwa maumivu ambayo mtaa utayaita mchango au jicho. Mtoto anayekoroma kila usiku na kukata pumzi anaweza kuwa na nyama za pua au mafindofindo yaliyovimba. Na lipo kosa la upande wa pili, ambalo ni baya kuliko yote: mtoto anayelala mno, amelegea, haamshiki vizuri wala hanyonyi. Huyo ni mgonjwa mahututi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mama aliyemtuliza kwa sirapu atadhani ni dawa imefanya kazi.

Kwa nini basi mchuuzi haendi kliniki? Kwa sababu kliniki za watoto nyingi hufanya kazi asubuhi, wakati yeye yuko sokoni upande wa pili. Huko aliko kuna zahanati, ila kadi yake ni ya nchi nyingine, na hajui kama atahudumiwa bure kama raia au atatozwa kama mgeni. Sera za matibabu ya bure kwa watoto wadogo ziliandikwa kwa ajili ya mama anayekaa mahali pamoja. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinazungumzia ushirikiano katika afya, na gunia la mahindi limeshanufaika na ushirikiano wa aina yake: mzigo usiozidi dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Mtoto aliye juu ya gunia hana cheti cha namna hiyo.

Serikali zitasema hakuna fedha. Lakini vituo vya pamoja vya mpakani vina maafisa wa afya tayari, wanaopima joto na kukagua kadi za homa ya manjano. Wapo kuzuia milipuko, hilo ni kweli, na hawapaswi kuachishwa kazi hiyo. Kinachopungua ni chumba kimoja, mizani, na muuguzi anayekaa alasiri, saa ambayo wachuuzi wanarudi, akiwa na ruhusa ya kusoma kadi ya nchi yoyote ya Jumuiya. Rubavu, jirani na Goma, Rwanda imeonyesha kwamba mahali pa kulelea watoto wa wachuuzi panaweza kujengwa karibu na lango. Vyama vya wachuuzi, ambavyo hupaza sauti ushuru unapopanda, vina kila sababu ya kulidai hili pia.

Kabla chumba hicho hakijafunguliwa, kadi ya kliniki na ikae pamoja na hati ya kusafiria, na mama aandike kwa siku tatu saa ambazo mtoto alilala na kuamka, pamoja na kila dawa aliyopewa, hata kile kijiko cha jirani. Muuguzi wa upande wowote ataanzia hapo.