Kabla Nyundo Haijagusa Nguzo

Mwaka 2023, mafundi waliokuwa wakibomoa nguzo mbili katika ukumbi wa kuingilia wa Sainsbury Wing, tawi la Jumba la Sanaa la Taifa jijini London, walikuta barua ndani ya nguzo mojawapo. Ilikuwa ya tarehe 26 Julai 1990, imehifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliyeiandika, John Sainsbury, ndiye aliyegharimia ujenzi pamoja na ndugu zake wawili, naye alikuwa amefariki mwaka 2022. Nguzo hizo hazikubeba dari. Zilikuwa za mwonekano tu. Barua ilieleza kwamba kuziweka lilikuwa kosa, na kwamba mwandishi anafurahi kuona kizazi cha baadaye kimeamua kuziondoa.

Wengi waliipokea barua hiyo kama hukumu. Sisi tunaipokea kama ushahidi wa upande mmoja. Wasanifu, Robert Venturi na Denise Scott Brown, walikuwa na sababu yao: walitaka ukumbi wa chini uwe mzito na wenye kivuli, mfano wa chumba kilicho chini ya kanisa, ili mgeni akipanda ngazi pana apokewe na mwanga wa vyumba vya picha huko juu. Scott Brown, mzaliwa wa Nkana katika Zambia ya leo, alikuwa hai ukarabati ulipopangwa, na aliupinga waziwazi.

Hatupingi ukarabati wenyewe. Tawi hilo lilifunguliwa mwaka 1991, na lilipofunguliwa upya Mei 2025 lango lake likawa lango kuu la jumba zima. Umati unahitaji nafasi. Tunachodai ni utaratibu: jengo lisomwe kwanza, ndipo libomolewe. Kila nguzo, dari na kona ipimwe, ipigwe picha, na sababu ya kuwepo kwake iandikwe. Aulizwe aliyechora, aliyelipa, aliyejenga, na anayefagia hapo kila asubuhi.

Barua ya Sainsbury sasa imo katika kumbukumbu za jumba. Nguzo zimekwenda. Makala za toleo hili zinatazama majengo ya sanaa yanayosubiri mafundi, na zinaorodhesha yaliyomo ndani yake wakati bado yapo. Jiwe likishavunjwa, hata mwenye hoja nzuri ya kulitetea hana tena cha kuonyesha.