Fomu ikikukatalia, ikukatalie kwa Kiswahili

Mwombaji anaweza kusoma ukurasa mzima kwa Kiswahili, kuanzia kichwa cha habari hadi kitufe cha kutuma. Akisahau kujaza nafasi moja tu, fomu inamgeukia kwa Kiingereza.

Mara nyingi ujumbe huo haukuandikwa na mwenye tovuti. Umo tayari ndani ya kiunzi, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao mafundi huutumia kujengea tovuti. Laravel, kiunzi kilichoanzishwa na Mmarekani Taylor Otwell mwaka 2011, huja na jumbe nyingi za aina hiyo. Tangu toleo la 10 la mwaka 2023, faili la jumbe hizo halionekani kwenye mradi mpya mpaka fundi aliitishe kwa amri. Asipoliona, atakumbukaje kulitafsiri?

Wanaokumbuka nao hujikwaa kwenye ngeli. Ndani ya ujumbe wa Laravel kuna pengo ambamo kompyuta hupachika jina la sehemu yenye kosa. Kiingereza hakisumbuliwi na pengo hilo. Kwa Kiswahili, nomino ndiyo inayotawala kitenzi: jina limeshatumika, namba imeshatumika, kitambulisho kimeshatumika. Fundi akiandika “imeshatumika” mara moja kwa sehemu zote, mtu ataambiwa “jina la mtumiaji imeshatumika”. Fomu inayokosoa watu huku yenyewe ikivunja upatanisho wa kisarufi haina haya.

Dawa ipo, na haihitaji msimbo mpya. Nomino isipewe nafasi ya kiima. “Jaza” inakubali jina, namba ya simu, kitambulisho na anwani bila kubadilika. Badala ya kusema nenosiri liwe na urefu fulani, ujumbe useme “Andika herufi zisizopungua 8 kwenye nenosiri”. Hapo “zisizopungua” inafuata herufi, na pengo linaweza kubeba neno lolote. Penye taarifa iliyokwisha kusajiliwa, “Kagua namba ya simu: yupo mwingine aliyejisajili hivyo hivyo” inatosha. Laravel pia inaruhusu kila sehemu kupewa jina lake la kuonyeshwa. Kazi hiyo ikirukwa, kiunzi huchukua jina la Kiingereza lililomo kwenye msimbo, na sentensi nzuri ya Kiswahili huishia kwa Kiingereza.

Django, kiunzi kilichozaliwa katika gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, kina tafsiri ya Kiswahili ndani yake. Ujumbe wake wa sehemu iliyoachwa wazi hauitaji sehemu hiyo kwa jina, kwa hiyo ngeli hazileti taabu. Lakini kinapokataa taarifa inayojirudia, nacho huacha mapengo. Na huanza kwa Kiingereza cha Marekani mpaka fundi abadilishe mpangilio.

Hata baada ya yote hayo, kivinjari kinaweza kuwahi. Chenyewe hukagua sehemu za lazima kabla fomu haijaondoka kwenye simu, na hutoa ujumbe kwa lugha ya kivinjari, si ya tovuti. Fundi anaweza kuuzima au kuweka maneno yake mwenyewe. Anayelipia tovuti ya Kiswahili aombe kwanza fomu tupu itumwe mbele yake, kwenye simu iliyowekwa Kiingereza.